Amel Super Maramu: kusi ilivyoipima kutoka Mayotte hadi Unguja

Usiku wa pili baada ya kuondoka kisiwa cha Mayotte, kwenye saa tano hivi, kusi iliyokuwa ikivuma kwa utulivu kiasi cha kilomita 35 kwa saa ilipanda ghafla ikakaribia 60, na mvua nzito ikaja nyuma yake. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda kilicho katika ujia wa kwendea chumba cha nyuma, zamu yangu ikiwa bado saa mbili mbele. Kilichoniamsha hakikuwa upepo wala kelele za watu, bali mngurumo wa chini wa mota ya umeme, uliodumu kama nusu dakika, ukanyamaza, kisha ukarudi kwa muda mfupi zaidi. Nilipopanda ngazi nilimkuta mama mwenye chombo, mwanamke aliyevuka miaka 60 na mwenye mwili mwembamba sana, ameketi palepale kwenye kiti cha usukani nyuma ya kioo, mkono mmoja ukilegeza kamba kwenye winchi na kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya swichi. Alikuwa amekwisha kukunja zaidi ya nusu ya tanga la mbele, chombo kimetulia, na chai yake ilikuwa bado ina moshi. Hakuwa amemwamsha mumewe, na nguo zake hazikuwa zimelowa.

Ninaanza na tukio hilo kwa sababu ndilo lililonipa kipimo cha kuihukumu yoti hii, Amel Super Maramu. Nilianza ubaharia kwenye jahazi la mjomba wangu, tukibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji kwenda Unguja, na kule upepo ukizidi ilitupasa kulitua foromali, ule mti unaobeba tanga, lote chini na kutweka tanga dogo, kazi ya watu sita wenye nguvu, gizani, juu ya shehena inayoteleza. Tangu wakati huo nimefanya kazi kwenye yoti nyingi za wageni wanaopita katika bahari yetu, na nimejifunza kwamba chombo cha bahari kuu hakipimwi vizuri bandarini, mahali ambapo kila kitu kinang'aa. Kinapimwa na namna kinavyowatendea watu wawili waliochoka, usiku, wakati hakuna wa tatu wa kumwita.

Amel Super Maramu ilibuniwa kwa ajili ya watu wawili hao. Ilijengwa La Rochelle, magharibi mwa Ufaransa, kuanzia 1989 hadi 2005, na katika miaka hiyo zilitoka karibu yoti 500 za aina moja, idadi kubwa mno kwa chombo cha ukubwa na bei yake. Mwanzilishi wa karakana hiyo, Henri Amel, aliyefariki 2005, alishirikiana na Jacques Carteau katika ubunifu wake, na msimamo wao ulikuwa kwamba mume na mke wa makamo waweze kuizunguka dunia bila kuajiri baharia, bila kutoka kwenye kikao cha usukani ila pale inapolazimu, na bila kujinyima bafu wala chakula kizuri. Msimamo huo ulikwenda mbali kiasi kwamba mnunuzi hakupewa uhuru mkubwa wa kuchagua: aliuziwa chombo kilichokamilika, chenye vifaa vyake karibu vyote, kikiwa kimepangwa kama karakana ilivyoona kinafaa. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa ni kiburi. Mimi nauona kuwa ndio chanzo cha ubora wake, kwa sababu yoti 500 zinazofanana zimeacha mlolongo mrefu wa wamiliki wanaofahamu kila bomba, kila waya na kila ugonjwa wa chombo chao, na jambo moja linapomshinda mmoja, huwa limekwisha kumshinda mwingine kabla yake na kupatiwa dawa.

Kwa vipimo, ni chombo cha urefu wa takriban mita 16, upana wa mita 4.60 na kina cha mita 2.05 chini ya maji, chenye milingoti miwili, mkubwa katikati na ule wa galme, mdogo, nyuma. Tangi lake la maji matamu hubeba lita 1,000 na la dizeli lita 600. Hicho ni kiasi cha kumwezesha mtu kuvuka bahari bila kuhesabu vikombe, na bado kuna mashine ya kuyageuza maji ya chumvi kuwa matamu.

Safari niliyoalikwa ilikuwa ya kiasi cha maili 530 za baharini, kutoka Mayotte hadi Unguja, mwezi wa Agosti, wakati kusi imekolea na mkondo wa bahari unasukuma upande wa magharibi. Tulitoka Jumatatu saa moja asubuhi kupitia mlango wa kaskazini wa mwamba unaoizunguka Mayotte, tukakiacha kisiwa cha Nzwani kushotoni alasiri ile, na tangu hapo upepo ukatushika mgongoni moja kwa moja. Huo ndio upepo ambao chombo hiki kiliundiwa. Kina miti miwili mirefu inayolazwa kandokando ya sitaha wakati haitumiki; ikitumika, mmoja hufunguliwa kulia na mwingine kushoto, tanga la mbele likashikwa upande mmoja na tanga jepesi likashikwa upande wa pili, yote mawili yakipanda kwenye reli moja ya waya wa omo, yaani wa mbele ya chombo. Chombo kikitazamwa kwa mbele hufanana na ndege aliyetandaza mbawa zote mbili. Kuisimamisha miti hiyo kulituchukua dakika 40 mara ya kwanza na 25 siku iliyofuata, na ni kazi ya mchana ya watu wasio na haraka, kwa hiyo kila siku kabla ya magharibi tuliliteremsha lile tanga jepesi na kubaki na tanga la mbele peke yake juu ya mti wake. Siku ya pili tulikata maili 174, mkondo ukitusaidia, na hakuna aliyeugusa usukani tangu alfajiri hadi usiku, kwa kuwa otopailoti ilikishika chombo bila kuhangaika.

Nitasema pia upande wa pili. Chombo kinachosukumwa kutoka nyuma na matanga mawili yaliyo mbele kabisa hakina kitu cha kukizuia kisiende mrama, na Super Maramu, pamoja na uzito wake wote, ilikwenda mrama. Siku ya kwanza mawimbi yalipokuwa yakitoka pande mbili, moja la kusi na jingine la kusini-magharibi linalopanda kutoka mfereji wa Msumbiji, tuliyumba kulia na kushoto kwa kipimo kile kile cha saa ya ukutani, na sahani zilizokuwa kabatini zilipiga kelele mpaka tukaziwekea vitambaa. Mwenye chombo aligeuza uelekeo kidogo ili upepo utoke kwenye pembe ya tezi, yaani nyuma ya chombo kwa upande, badala ya katikati, akafungua tanga kuu, na mrama ukapungua kwa zaidi ya nusu. Ushauri wangu kwa atakayeitumia ni kwamba asiyashikilie yale matanga mawili kwa sababu tu yanapendeza kwenye picha.

Kikao cha usukani ndicho moyo wa chombo hiki. Kipo katikati, kimezungukwa na kuta ndefu, na mbele yake kuna kioo kisichohamishika chenye paa gumu juu yake. Kiti cha nahodha kipo kushoto, na mbele ya macho yake, katika nafasi ambayo mkono unaifikia bila mwili kuinuka, kuna saa za vipimo, swichi za kukunja na kukunjua matanga, mpini wa kuendeshea mashine na kitufe cha propela ndogo ya omo inayoshuka majini inapohitajika na kupanda tena ndani ya mwili wa chombo. Kuzunguka sitaha yote kuna reli ngumu ya chuma kisichoshika kutu, si zile kamba za waya zinazolegea ukiziegemea. Nimetembea kwenye sitaha nyingi usiku nikiwa nimejifunga kamba kiunoni na moyo ukidunda. Hapa nilitembea nikiwa nimejifunga kamba kama kawaida, ila moyo ulikuwa umetulia.

Kasoro ya kikao hicho ni gurudumu lenyewe. Mikono yangu imezoea kana, ule mti wa kushikia usukani wa jahazi, ambayo kila wimbi linalopita chini ya shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, hulisema waziwazi, na hata yoti nyingi za siku hizi zina usukani mwepesi unaozungumza na vidole. Gurudumu la Super Maramu ni zito na bubu. Linageuza chombo bila shaka yoyote, lakini halikuambii chombo kinataka nini, na mtu anayeipenda raha ya kuendesha kwa mkono ataikosa. Wabunifu walijua kwamba wenye yoti hizi wataikabidhi kazi hiyo kwa otopailoti kwa saa 23 kati ya 24, na inaonekana hawakujishughulisha sana na ile saa moja iliyobaki.

Sasa niingie katika jambo ambalo watazamaji wa bandarini hawalioni, nalo ndilo lililonifanya nikiheshimu chombo hiki kuliko mkangazi uliong'arishwa wa vyumba vyake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye yoti nyingine, ya karakana nisiyoitaja, ndefu na nyembamba, iliyosifiwa kwa mwendo. Tukiwa katika mkondo wa Pemba usiku, gogo lililokuwa likielea liligonga bamba la usukani, ambalo lilikuwa limening'inia peke yake chini ya shetri bila kitu cha kuliegemeza. Bamba lilipinda, shimo lake likapasuka, na maji yakaanza kuingia nyuma. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta wowote kati ya tezi na omo, maji yalipita chini ya vitanda, yakafika kwenye betri, umeme ukakatika na pampu zikanyamaza. Tulifua maji kwa ndoo kwa saa tisa, watu wanne kwa zamu, hadi tukafika kwenye maji madogo. Tangu siku ile, ninapopanda chombo kigeni, swali langu la kwanza huwa ni hili: maji yakiingia hapa, yatasimama wapi?

Kwenye Super Maramu swali hilo lina jibu. Bamba la usukani limeshikiliwa mbele yake na pezi lisilosogea, lililo sehemu ya mwili wa chombo, ili gogo au kamba ya mshipi ikutane kwanza na pezi hilo. Propela haikuachwa nyuma kwenye chuma kirefu. Imekaa nyuma ya mkuku, ule uti mzito wa chini ya chombo, ukiikinga. Ndani kuna kuta zisizopitisha maji zinazokigawa chombo katika sehemu, zenye milango inayofungwa kwa makomeo, na mabomba ya kupitishia maji kutoka sehemu moja hadi nyingine yana koki za kuzifungia. Chumba cha mashine kimejitenga kabisa. Huingii humo kutokea sebuleni. Unainua sakafu ya kikao cha usukani, ambayo hupanda yenyewe kwa nguvu ya gesi, na unashuka kwa ngazi mahali peupe penye nafasi ya mtu kuchuchumaa na kufanya kazi. Siku ya tatu tulizima jenereta ili kusafisha chujio la maji ya bahari, nami niliifanya kazi hiyo chombo kikiwa kinayumba. Maji yote ya bahari yanayohitajiwa na mashine, jenereta na mitambo mingine huingia kwa tundu moja tu na kupita katika chujio moja, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutafuta gizani chini ya vitanda tundu lipi limeziba. Nilifungua mfuniko, nikatoa kikapu kilichojaa mwani, nikakisuuza na kukirudisha, na dakika tano zilitosha. Matundu machache kwenye mwili wa chombo maana yake ni mahali pachache pa kuogopa.

Kuna mpangilio mmoja ambao ulinishangaza na baadaye ukanifurahisha. Maji ya mabafu na ya kuoshea vyombo hayatoki nje kila moja kwa tundu lake, bali huteremka kwa mabomba hadi kwenye shimo moja lililo mahali pa chini kabisa pa chombo, na pampu huyatoa huko kila yanapofikia kimo fulani. Wahenga wa Pwani walikwisha kusema tezi na omo marejeo ni ngamani, ngama ikiwa ni sakafu ya chini ya chombo ambako maji hukusanyika, na karakana hii ya Kifaransa imeitekeleza kauli hiyo neno kwa neno. Faida yake ni kwamba ukilitazama shimo hilo moja kila asubuhi unayajua mambo ya chombo kizima. Gharama yake ni harufu. Sabuni, mafuta ya chakula na nywele hukusanyika humo, na katika joto letu mtu asipoliosha kila wiki atalijua kwa pua kabla ya macho.

Sitaha ina mistari ya hudhurungi na myeusi kama mbao za msaji, lakini si msaji. Ni faiba iliyochorwa na kufinyangwa kuwa na umbo la mbao. Watu wengi wanaotoka kwenye yoti nyingine za kifahari hulibeza jambo hili, na ni kweli kwamba ukikaribia unaona wazi kuwa hiyo ni picha ya mbao. Mimi niliyekulia kwenye vyombo vya mbao halisi, ambaye nimekesha nikisukuma kalafati katikati ya mbao zilizoachana kwa jua la kaskazi, sikuona sababu ya kulibeza. Sitaha ya msaji iliyokazwa kwa skrubu mia kadhaa juu ya faiba ni matundu mia kadhaa yanayosubiri kuvuja, na ikifika miaka 15 au 20 kuing'oa na kuiweka upya ni kazi ya fedha nyingi. Hii ya Super Maramu haikuwa na hata ufa mmoja ilhali chombo chenyewe kilikuwa kimepita miaka 20. Karakana ilikuwa pia na desturi ya kuunganisha sitaha na mwili wa chombo kwa faiba na kuvifanya kitu kimoja, badala ya kuvikaza kwa bolti na gundi, na katika mvua ile ya usiku wa pili sikuona tone likidondoka popote ndani.

Ndani, kwa kweli, hakuna sebule pana ya kucheza dansi kama zilivyo yoti mpya. Vyumba vimegawanyika, kuta zipo karibu, na kila mahali kuna kitu cha kushika. Mtu mwenye mazoea ya kutazama majarida ya yoti ataona pamejibana na pana giza la mkangazi. Nilipokuwa nikitoka jikoni na sufuria ya wali mikononi huku chombo kikilala upande, niliegemeza nyonga kwenye meza, bega kwenye ukuta, na wali ukafika mzima, jambo ambalo kwenye sebule pana ningelifanya kwa kupiga magoti. Mashine ya kufulia ipo, friza ipo, na chumba cha nyuma kina kitanda cha watu wawili chenye upana wa kutosha, ingawa katika mrama ule wenye chombo walikiacha na kulala kwa zamu kwenye vitanda vyembamba vya katikati, kama mabaharia wote duniani wanavyofanya. Kwa hali ya hewa ya kwetu hewa inayoingia haitoshi wakati vifuniko vimefungwa kwa sababu ya mawimbi, na kiyoyozi kinahitaji jenereta iwake. Usiku wa kwanza nililala nikitoka jasho.

Kuhusu mwendo wa kukata joshi, yaani kwenda kinyume cha upepo, sikutarajia kuupima, kwa kuwa njia yetu yote ilikuwa ya upepo wa nyuma. Hata hivyo, usiku wa tatu tulifika mapema mno. Mbele yetu kulikuwa na Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo cha mchanga na mwamba kilicho chini sana, peke yake katikati ya bahari kusini-mashariki mwa Unguja, na hakuna nahodha mwenye akili anayependa kukikuta gizani akiwa anakwenda maili saba kwa saa. Saa saba usiku tulikigeuza chombo, tukaukabili upepo, na kwa saa tatu tukarudi tulikotoka ili kulisubiri jua. Hapo Super Maramu ilionyesha umri wake na umbo lake. Tanga la mbele likiwa limekunjwa nusu hupoteza umbo na kuwa kama gunia, na tanga kuu linalojikunja ndani ya mlingoti hukatwa bapa tangu mwanzo ili liweze kuviringika, kwa hiyo halina ule mfuko unaozaa nguvu. Hatukuweza kuukaribia upepo kwa chini ya digrii 50, na kila tulipojaribu kubana zaidi mwendo ulianguka kutoka maili sita hadi nne. Yoti ya kisasa yenye mkuku wa kina kirefu na matanga mazuri ingetuacha nyuma kwa maili nyingi kabla ya alfajiri. Lakini tulipobisha, kila mgeuko ulikamilika bila kusita, na omo lilipoingia kwenye wimbi liliingia taratibu, bila ule mpigo wa faiba pana kugonga maji unaomfanya mtu akaze meno akiwa kitandani. Mwenye chombo, ambaye zamu yake haikuwa imefika, alilala usingizi wake wote na asubuhi akauliza kwa nini tulikuwa bado mbali na kisiwa. Kulipopambazuka tulipita kando ya Fungu Mbaraka, ndege wa baharini wakiwa wametanda juu yake kama wingu, na alasiri ya Alhamisi, saa kumi na nusu, tukatia nanga mbele ya Mji Mkongwe.

Shaka yangu kubwa juu ya chombo hiki ni umeme. Kila kitu nilichokisifu kuhusu usiku wa pili kilitegemea mota, swichi, waya na betri za volti 24. Mitambo ya kukunja matanga inaweza kuzungushwa kwa mkono mota ikifa, na mwenye chombo alinionyesha namna ya kuifungua, lakini ni kazi ya taratibu ambayo mama yule asingeiweza peke yake katika upepo wa kilomita 60. Chombo kilichoundwa ili nguvu za mwili zisihitajike kinamdai mwenye chombo nguvu za namna nyingine: asubuhi za kukagua waya, kupaka grisi, kupima betri na kubadilisha vipuri kabla havijaharibika. Wenyeji wangu walikuwa na daftari lililoandika kila mota ilifunguliwa lini. Asiye na moyo wa kuandika daftari kama lile asinunue chombo hiki, hata akipewa kwa nusu bei. Kwa upande wetu wa bahari kuna faraja moja ambayo wageni wengi hawaifahamu, nayo ni kwamba malori yetu mengi hutumia volti 24 vilevile, na mafundi wa umeme wa malori wa Dar es Salaam na Mombasa wanajua kusuka upya mota ya aina hiyo vizuri kuliko fundi wa boti. Kipuri chenye umbo la pekee, hata hivyo, hakina njia ila kuagizwa Ufaransa.

Jambo jingine linalohusu pwani yetu ni kwamba chombo hiki hakiwezi kupwelezwa mchangani wakati wa bamvua kama tunavyofanya na majahazi ili kukikwangua na kukipaka mafuta. Propela yake iliyo nyuma ya mkuku inaendeshwa kwa mfumo wenye mafuta na mipira ya kuzuia maji, na mipira hiyo ina muda wake wa kubadilishwa, kazi isiyofanyika ila chombo kikiwa nje ya maji, kwenye yadi yenye mtambo wa kuinua chombo cha zaidi ya tani 14. Yadi za namna hiyo katika ukanda huu ni chache, na mwenye chombo hupanga ratiba ya mwaka mzima kwa kuzifuata.

Karakana hiyo imeendelea mbele tangu wakati huo. Amel 50, iliyotoka 2017 kutoka kwenye ofisi ya wabunifu ya Berret-Racoupeau, ina mlingoti mmoja, mabamba mawili ya usukani na sebule iliyojaa mwanga wa madirisha makubwa, lakini imekibakiza kioo kigumu, kuta zisizopitisha maji, chumba cha mashine kilichojitenga na matanga yanayokunjwa kwa swichi. Mwenye fedha za kununua kipya na anayependa kukata joshi ana haki ya kuielekea hiyo. Kwa watu wawili wanaotaka kwenda mbali na kufuata pepo za msimu badala ya kushindana nazo, na ambao mkoba wao una kikomo, bado ningewaelekeza kwenye Super Maramu, hasa zile za toleo la mwisho lililoitwa 2000, huku nikiwaonya kwamba hata iliyo changa kuliko zote sasa imevuka miaka 20, na kwamba tofauti kati ya iliyotunzwa na iliyotelekezwa ni kubwa kuliko tofauti ya bei zao.

Atakayekwenda kuikagua aombe kila mota iwashwe ikiwa na tanga lililojaa upepo, si bandarini likiwa limelegea. Aulize waya za milingoti zilibadilishwa mwaka gani na aonyeshwe risiti. Aifunge na kuifungua milango ya kuta za maji kwa mkono wake, aguse mipira yake kama imekauka. Lakini kabla ya hayo yote, wakati mwenye kuuza angali anamwonyesha mkangazi na mito ya sebuleni, aombe sakafu ifunuliwe atazame ngamani.